Majani ya viungo nyumbani Mtwara na Lindi: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Kila ikifika mwezi wa tano, mvua zinaaga na kusi limeanza kupuliza, naanza kuulizwa yaleyale. Majirani hapa Shangani, Mtwara, wanauliza, dada zangu wa Lindi wanapiga simu, hata wapita njia wakiona ndoo zangu wanasimama getini. Nimeona niyaweke yote sehemu moja mtu asome akiwa ametulia. Mimi sina shamba, nalima kwenye ndoo na kitalu kidogo nyuma ya jiko, kwa hiyo haya ni majibu ya mtu anayetaka giligilani ya kachumbari na nanaa ya chai. Na niseme mapema, joto la kwetu linasingiziwa sana, mimi nimeona wengi wanaharibikiwa kwa sababu wanafuata kalenda ya watu wengine.

## Mambo ya mwanzo

Nimeletewa mbegu toka Uingereza, pakiti inasema panda "spring". Spring yetu huku ni lini?

Hatuna. Spring ni ya wenzetu wa kaskazini, inaanza mwezi wa tatu baridi ikiwaachia na ardhi ikianza kupata joto. Sasa mwezi wa tatu huku Mtwara ndio mvua inamwagika, ukitupia mbegu za giligilani siku hizo nusu zinaoza na nusu zinasombwa na maji ya paa. Sisi msimu wa mvua ni mmoja tu, unaanza mwezi wa 11 au wa 12 mpaka wa nne ama wa tano, na katikati hapo, mara nyingi mwezi wa pili, mvua inakata wiki kadhaa halafu inarudi.

Cha kuangalia ni kile spring inachowapa wale, yaani jua lisilochoma, ardhi yenye unyevu lakini haijalowa chapachapa, usiku wenye ubaridi kidogo. Hivyo vyote sisi tunavipata kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka wa nane. Mwezi wa saba usiku joto linashuka mpaka karibu nyuzi 20, wakati mwezi wa 11 na wa 12 mchana linapita nyuzi 30 bila shida. Kwa hiyo pakiti ikisema spring wewe soma mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Ikisema baada ya baridi kuisha, kama zinavyoandikwa za rehani na pilipili, wewe panda mwezi wowote isipokuwa zile wiki za mvua kubwa.

Sijawahi kulima hata mchicha. Nianze na nini?

Mchaichai, nanaa na rehani. Zote tatu unaweza kuzipata bure kwa jirani kwa kukata kipande, hazihitaji mbegu, na zinasamehe ukisahau kumwagilia siku moja, ingawa nanaa inasamehe mara moja tu. Ongeza vitunguu majani, ukinunua fungu sokoni kata juu upike, vile vishina vyenye mizizi vifukie, baada ya wiki moja vinachipua.

Giligilani iwe ya pili. Najua ndiyo kila mtu anaitaka kwanza, ila ndiyo inavunja watu moyo, isome kwanza huko chini. Rozimeri na thaimu ziache mpaka umeshajua mkono wako unamwagaje maji.

Sina uwanja, nakaa chumba na sebule. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na kwa mpangaji ni bora zaidi maana ukihama unahama nazo. Ndoo iliyopasuka mdomo, dumu la lita 20 lililokatwa ubavu, beseni bovu, gunia la mchele, vyote vinafaa. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari uliopashwa moto, bila matundu mizizi inakosa hewa inaoza, na hapa watu wengi wanakosea kwa kuogopa maji yasipotee. Ndoo ya lita 10 inatosha nanaa au rehani mbili, mchaichai unataka ya lita 20.

Chombo kilichobeba dawa ya mikorosho au dawa yoyote ya shambani usitumie, hata ukiosha mara saba. Huku kwetu vyombo hivyo vimejaa majumbani ndio maana nalisema kwa mkazo, hili jani unakwenda kulila bichi.

Jua kiasi gani?

Masaa manne mpaka sita yanatosha, na jua la asubuhi ni zuri kuliko la mchana. Ukuta unaoangalia mashariki ndio mahali pangu pa dhahabu. Rehani, rozimeri, mchaichai na pilipili zinavumilia jua la siku nzima. Nanaa, giligilani na pasli zipe kivuli kuanzia saa sita. Kuti moja la mnazi kwenye vijiti vinne limeshamaliza kazi, na unalisogeza unavyotaka.

Halafu weka karibu na mlango wa jiko. Hii naiona ina maana kuliko mbolea. Ndoo iliyo nyuma ya choo utaikumbuka imeshakauka, ile unayoipita ukienda kuchota unga utaiona jani likianza kulegea.

## Udongo na mbolea

Udongo wa huku ni mchanga mtupu, maji yanapita kama kwenye chujio. Nifanyeje?

Huo mchanga una faida yake, hautuamishi maji. Tatizo ni kwamba haushiki maji wala chakula. Vitabu vingi vinasema changanya udongo na mchanga na mbolea, huku mchanga tayari umo, usiongeze tena. Mimi nachukua debe mbili za udongo wa juu kutoka chini ya mwembe, ule mweusi wenye majani yaliyooza, na debe moja la samadi ya mbuzi iliyokaa. Kama bado unakuwa mwepesi naongeza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa.

Samadi iwe imeoza kweli, miezi mitatu au zaidi, ukiishika haina harufu ya zizi na inavunjika kama unga. Ya kuku ni kali, ikiwa mbichi inaunguza mizizi, na tena ina vijidudu vya tumbo, jani la kachumbari halipikwi kwa hiyo usifanye mchezo.

Naweza kuchota mchanga wa ufukweni?

Hapana, una chumvi na vipande vya makombe. Chukua wa mto.

Makumbi ya nazi yanafaa? Na maganda ya korosho je?

Makumbi yanafaa sana, ila kwanza yaloweke siku mbili tatu na umwage maji, rudia mara mbili, maana yanatunza chumvi hasa minazi ikiwa karibu na bahari. Yakishaoshwa chambua nyuzi uchanganye na udongo, yanashika maji vizuri mno.

Maganda ya korosho, yale yanayobaki baada ya kubangua, usiweke kwenye bustani ya majani. Yana mafuta makali, kina mama wanaobangua wanajua yanavyounguza vidole. Majani makavu ya mkorosho hayana neno, yatandaze juu ya udongo yazuie jua, yanachelewa kuoza lakini kwa kutandaza ndiyo tunataka hivyo.

Majani yanakuwa ya njano ila mishipa imebaki kijani. Ni ugonjwa?

Mara nyingi sio ugonjwa. Nimeiona sana kwa wenzetu wa Mikindani, kwenye udongo wenye mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana chokaa na chokaa inazuia mmea usipate madini ya chuma hata kama yamo. Usiongeze majivu hapo, majivu yanazidisha chokaa. Hamia kwenye ndoo na udongo wa kutoka mahali pengine, au ongeza samadi iliyooza kwa wingi. Kama jani zima ni njano kuanzia majani ya chini, hiyo ni njaa au maji yamezidi, chomeka kidole uangalie kwanza kabla hujaongeza mbolea.

## Maji

Maji ya kisima chetu yana chumvi, nimwagilie tu?

Inategemea chumvi ni kiasi gani na ni jani gani. Yale yenye ladha ya mbali unayoweza kunywa ukiwa na kiu, rozimeri na mchaichai zinavumilia. Giligilani na nanaa hazitaki, utaona ncha za majani zinaungua rangi ya kahawia na juu ya udongo panajitokeza ukungu mweupe. Huo mweupe ni chumvi.

Kama huna maji mengine, mwagilia mengi kwa mara moja mpaka yatoke chini kwa wingi, yasukume chumvi nje. Kumwaga kidogokidogo kila siku kunairundika kwenye mizizi. Na mara moja kwa wiki wape ya bomba au ya mvua. Mvua za kwanza za mwezi wa 12 weka ndoo yenyewe nje ioshwe, mimi nazitoa zote barazani siku hiyo nikiwa na furaha kama nimepokea mgeni.

Mara ngapi kwa siku?

Siwezi kukupa namba, na atakayekupa namba hajui ndoo yako. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, pakiwa pakavu mwaga, pakiwa na unyevu acha. Miezi ya kusi watu wanadanganywa na ubaridi, wanasema hakuna jua kali wacha nipunguze, kumbe upepo ndio unakausha kuliko jua. Ndoo iliyo kwenye njia ya kusi mwezi wa saba inaweza kutaka maji asubuhi na jioni. Ihamishie nyuma ya ukuta au zungushia makuti upande wa kusini mashariki, na kwa walio karibu na bahari hilo kuti linazuia pia mvuke wa chumvi.

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo sio juu ya majani.

Maji ya kuoshea mchele na ya vyombo?

Ya mchele ndiyo, ya mboga pia. Ya vyombo yenye sabuni na mafuta, hapana, mwagia mgomba.

## Kila jani na tabia yake

Giligilani haioti kabisa, nimemwaga pakiti nzima. Kwa nini?

Swali namba moja kila mwaka. Kile kipunje cha duara unachokiona ni ganda lenye mbegu mbili ndani. Lipondeponde taratibu kwa chupa mpaka ligawanyike vipande viwili, usilisage. Kisha loweka usiku mmoja. Fukia kina cha sentimita moja hivi, sio zaidi, mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo ili maji yasifukue. Siku 7 mpaka 14 zinatoka. Watu wengi wanakata tamaa siku ya nane wanafukua kuangalia, basi ndio wameziua.

Sisimizi pia wanabeba mbegu, ukiona mstari wao unaelekea kwenye ndoo isimamishe ndoo juu ya mawe ndani ya sinia lenye maji.

Zipande pale pale zitakapokulia. Giligilani ina mzizi mmoja mrefu wa kwenda chini, ukiihamisha unaukata na mmea unaona umefika mwisho wa maisha, unakimbilia kutoa maua.

Mbegu za giligilani za dukani kwa muuza viungo zinaota?

Zinaota kama hazijakaangwa na hazijakaa dukani miaka. Nunua kidogo, jaribu 10 kwenye kitambaa chenye maji, zikitoka sita au saba rudi ununue zaidi. Ni rahisi mno kuliko pakiti na mimi ndizo natumia. Fanya hivyohivyo na uwatu, hiyo inaota kwa siku chache tu na majani machanga yake kwenye dengu ni matamu, cha ajabu watu hawailimi.

Imeota vizuri, wiki ya tano imerefuka na kutoa maua meupe. Nimekosea wapi?

Umeipanda mwezi gani? Wengi wanaoniuliza wameipanda mwezi wa tisa au wa kumi, joto linapanda na mchana unarefuka, na giligilani ikihisi hivyo viwili inaona bora izae mbegu. Mwezi wa sita mchana wetu ni mfupi kuliko wakati wote wa mwaka, ndio maana ile ya mwezi wa sita inakaa na majani muda mrefu. Kiu nayo inaharakisha, ikikauka hata mara mbili tu inarefuka.

Ikishatoa maua hairudi nyuma, kukata maua hakusaidii sana. Iache izae, mbegu mbichi za kijani zikipondwa kwenye mchuzi wa pweza ni kitu kingine kabisa, na zikikauka unazo za kupanda tena. Hata iliyopandwa wakati mzuri inaishi siku 40 mpaka 60 hivi, kwa hiyo siri ya kuwa nayo kila siku ni kupanda kidogo kila baada ya wiki mbili. Ndoo tatu, moja inaota, moja inakua, moja inaliwa.

Kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa tatu mimi siilimi, nanunua. Kuna anayeiweza chini ya kivuli, mimi naona maji na nguvu zinakwenda bure.

Nanaa yangu imekonda, vijani vidogo na shina refu.

Imejaa ndoo. Nanaa inatembea chini kwa vikonyo vyake mpaka inazunguka chombo kizima na kujinyonga. Ing'oe yote, kata mizizi nusu, rudisha kipande kwenye udongo mpya na vingine gawa. Kata pia mashina yote yabaki sentimita tano, utashangaa wiki mbili mbele.

Kwa sababu hiyohiyo ya kutembea usiipande ardhini karibu na mimea mingine, itameza kitalu. Mbegu zake usihangaike nazo, hazitoi nanaa ileile. Kata shina la sentimita 10, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji dirishani, wiki moja au mbili lina mizizi. Lile la fungu la sokoni pia linaota likiwa halijalegea.

Rehani inatoa maua haraka na majani yanakuwa machungu.

Usiionee huruma. Ikifika majani sita au nane kata kichwa juu ya jozi ya majani, pale zinachipua mbili, wiki zijazo kata hizo mbili zitoke nne. Kila ukiona kichwa cha maua kinaanza, kikate. Mmea unaokatwa kila wiki unakaa miezi, usiokatwa unamaliza maisha yake wiki chache tu.

Rehani ndiyo rafiki wa joto letu, hata mwezi wa 12 ipo, kinachoisumbua ni masika. Wakati wa mvua majani yanapata madoa na ukungu wa kijivu chini yake, punguza matawi katikati hewa ipite, na iweke chini ya upenu isipigwe na mvua. Vipande vyake vinaota kwenye glasi ya maji kama nanaa.

Rehani na kivumbasi ni kitu kimoja?

Ni ndugu, sio kimoja. Kivumbasi chetu kinaota chenyewe kando ya njia, harufu ni kali, tunakitumia zaidi kwa mbu, na hata hapo ni mpaka ukifikiche au ukichome, kukaa tu kwenye ndoo hakifukuzi. Kama unatunza mbegu za rehani usiache kivumbasi kichanue jirani, nyuki watazichanganya na mwakani utapata rehani yenye ladha ya ajabu.

Rozimeri inakauka kila nikinunua mche.

Nina uhakika karibu wote unaimwagilia sana. Rozimeri ni ya kwenye vilima vikavu vya bahari ya Mediterania, na inakufa kwa namna ya kudanganya, mizizi ikioza majani yanakauka, wewe unaona makavu unaongeza maji. Ipe udongo wetu wa mchanga na samadi kidogo tu, hapa mchanga umekuwa baraka. Subiri pakauke ndipo umwagilie. Masika iweke barazani kwenye jua lakini mvua isiifikie.

Kuzalisha, kata tawi changa la sentimita 10 mpaka 15, vua majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu mwezi wa sita. Inachukua wiki nne mpaka nane, usilivutevute.

Mchaichai?

Nunua bua lenye kitako kizima, weka kitako kwenye maji mpaka kitoe mizizi, panda. Ardhini acha mita moja pande zote kwa sababu linakuwa kichaka, kila baada ya miaka miwili au mitatu ligawanye. Vuna mabua ya pembeni ukiyavunja chini kabisa. Majani yana makali, vaa mikono mirefu. Mama yangu aliupanda kwenye mfereji wa maji ya mvua ushike udongo, mpaka leo upo.

Pasli, thaimu na oregano huku zinawezekana?

Pasli ndiyo, mwezi wa tano kwenye kivuli, loweka mbegu siku nzima halafu uwe na subira ya wiki tatu hadi nne. Oregano inakubali vizuri kama rozimeri. Thaimu bado inanipa shida kila masika, unyevu wa pwani hauitaki, naichukulia kama ya msimu mmoja.

Tangawizi na manjano nazo nipande mwezi wa tano?

Hizo kinyume, zifuate mvua. Chagua kipande chenye vijicho, kiache kivulini kianze kuchipua, fukia mwezi wa 11 au wa 12 kwenye gunia lenye samadi nyingi na kivuli nusu. Ni miezi minane mpaka kumi, majani yakigeuka njano na kulala ndio unachimba.

## Wadudu, kuku na mbuzi

Kuku wa jirani wanafukua kila nikipanda.

Jenga uchaga, kimo cha kifua, mabanzi na fito tu. Kuku wanapanda mara moja moja lakini mbuzi hafiki kirahisi. Vitalu vya chini funika kwa matawi ya michongoma au wavu wa zamani wa kuvulia mpaka miche isimame, wavu uliochakaa pwani hii haukosekani. Kugombana na jirani kwa ajili ya kuku sikushauri.

Vidudu vidogo vya kijani au vyeusi vimejaa chini ya majani na majani yamejikunja.

Vidukari. Siku ya kwanza viondoe kwa maji tu, pindua jani upige kwa kopo kwa nguvu, rudia siku tatu mfululizo. Vikibaki weka kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja, nyunyiza jioni, asubuhi suuza. Vikishindikana tumia mwarobaini, na Lindi yetu yote imejaa miarobaini. Twanga mbegu zilizokaushwa kivulini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, laza usiku, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jua likizama maana jua linaiharibu nguvu. Dawa ni chungu kwelikweli, kwa hiyo acha siku kadhaa na osha vizuri kabla ya kula.

Nzi weupe na utitiri wanatibiwa hivyohivyo. Utitiri utaujua kwa vumbi na utando mwembamba chini ya jani, unakuja kiangazi palipokauka sana.

Konokono wakubwa wa masika?

Toka usiku na tochi uokote. Hakuna njia ya mkato. Asubuhi angalia chini ya ndoo, ndiko wanakolala.

Naweza kupulizia dawa ya dukani?

Kwa majani yanayoliwa mabichi mimi sipulizii. Ukiamua, soma kwenye lebo kama imeruhusiwa kwa mboga za majani na ni siku ngapi unasubiri kabla ya kuvuna, lebo ikiwa imechanika usinunue.

## Kuvuna na kutunza

Nivune kiasi gani mmea usife?

Theluthi moja kwa wakati, asubuhi umande ukishakauka, hapo harufu imekaa vizuri. Giligilani chukua majani ya nje uache moyo.

Nikivuna mengi nihifadhije bila friji?

Weka mashina kwenye glasi ya maji kama maua, mahali pa baridi, giligilani na nanaa zinakaa siku kadhaa. Rehani pia glasi ya maji, na hata mwenye friji asiiweke humo inakuwa nyeusi. Kukausha, funga vishada vidogo ning'iniza kivulini penye upepo, miezi ya kusi ndiyo mizuri, masika vinaota ukungu. Rozimeri, oregano na mchaichai zinakauka na harufu yake. Giligilani ikikauka inabaki rangi tu.

Kuloweka majani mabichi au kitunguu saumu kwenye mafuta na kuweka kabatini wiki nzima, usifanye. Ndani ya mafuta hakuna hewa na kuna kijidudu hatari kinachopenda hivyo, sumu yake haionekani wala hainuki.

## Mambo ya pembeni

Jirani anapulizia salfa kwenye mikorosho na vumbi linakuja kwangu. Majani yanaliwa?

Hili la kwetu kabisa. Kuanzia mwezi wa sita hivi salfa inaruka mitaani. Ongea naye akwambie siku anayopulizia, huwa ni alfajiri upepo ukiwa umetulia, funika ndoo kwa shuka la zamani mpaka mchana. Vumbi la salfa likishatua, osha majani kwa maji mengi yanayotiririka. Ila kama ni dawa ya maji ya kuua mbu wa mikorosho (mdudu anayeshambulia mkorosho, sio mbu wa kuuma watu), hiyo ni kitu kingine, kata majani yote yaliyofikiwa utupe na usubiri yachipue mapya.

Niko Newala, haya yote yananihusu?

Mengi. Nyie juu kwenye uwanda usiku ni baridi kuliko pwani, rozimeri na pasli zitawapenda kuliko sisi. Shida yenu ni maji. Lima kidogo, ndoo mbili tatu, tandaza majani makavu juu ya udongo, chukua chupa ya maji ya kunywa toboa kitundu kimoja kwenye kizibo, ifukie shingo chini iwe inadondosha taratibu.

Nasafiri wiki mbili kwa msiba, itakuwaje?

Kata mimea yote nusu, isogeze kivulini zote pamoja zigusane, mwagilia mpaka maji yatoke chini, na mpe jirani ruhusa ya kuvuna. Mtu anayechuma nanaa ya chai yake kila jioni ataimwagilia bila kukumbushwa, aliyeombwa tu kumwagilia anasahau siku ya tatu.

Naweza kuuza yanayozidi?

Anza na anayepika chipsi na mishikaki hapo mtaani kwako, na wenye migahawa ya samaki, waulize wanatumia nini kila siku. Mara nyingi ni giligilani na vitunguu majani, nanaa kidogo kwa ajili ya juisi. Mteja wa hivyo anataka uhakika wa kila siku kuliko wingi wa siku moja, kwa hiyo kabla hujamuahidi rudi kwenye ule mpango wa kupanda kila wiki mbili, na kwa kuuza ndoo tatu hazitoshi, fikiria kumi.